Macho Yanayochoma na Kutoa Tongotongo: Mwongozo kwa Mafundi Kucha

Fundi kucha anayefanya kazi katika fremu ndogo ya Kariakoo au Sinza, yenye mlango mmoja na dirisha lililozibwa na bango la biashara, hushinda ameinamia chupa ya asetoni, gundi na majimaji ya akriliki ya kutengenezea kucha bandia, huku mashine ya kusagia ikirusha vumbi jeupe linalotua hadi kwenye kope zake. Jioni macho yakiwa mekundu na yanachuruzika machozi, wengi hupitia duka la dawa, wakanunua matone, na kesho yake wakarudi kukaa palepale. Mwongozo huu unaanzia mezani, kwa sababu mara nyingi chanzo kiko hapo, na hakuna tone la dawa linaloondoa mvuke au vumbi hewani.

Kabla ya lolote, angalia jicho linatoa nini na linasumbua wakati gani. Macho yote mawili yakichoma kama yaliyoingia mchanga, yakitoa machozi mepesi, na nafuu ikaonekana siku ya mapumziko, shuku kemikali au vumbi la kazini. Muwasho mkali wenye utelezi mweupe unaovutika kama uzi, pamoja na kope zilizovimba au kuchubuka, huelekea zaidi kwenye mzio. Tongotongo nzito za manjano au kijani zinazogandisha kope asubuhi ni dalili ya maambukizi ya bakteria, ilhali macho mekundu yanayosababishwa na virusi kwa kawaida huanzia jicho moja, hutoa majimaji mengi, kisha huhamia jicho la pili. Dalili hizi huweza kuingiliana, kwa hiyo zichukue kama mwanga wa kuanzia. Uamuzi wa mwisho ni wa mtaalamu wa macho.

Sasa tuje mezani. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hivyo hutanda juu ya meza na kushuka mapajani, na feni ya darini huuchanganya tu na vumbi na kuvirudisha vyote usoni. Kiyoyozi cha kawaida nacho huzungusha hewa ileile ya chumbani. Kinachosaidia ni kuitoa hewa nje: ondoa bango dirishani, weka feni hapo ikiwa imeelekea nje, acha mlango wa upande wa pili wazi, na panga viti ili hewa isafiri kutoka kwako na kwa mteja kuelekea dirishani. Fremu isiyo na dirisha inahitaji feni ya kunyonya hewa iliyopachikwa kwenye tundu la ukutani, na ningeshauri gharama hiyo itangulie ile ya kununua taa mpya ya jeli. Kifaa cha kufyonza vumbi kinachowekwa chini ya mkono wa mteja hufaa sana wakati wa kusaga, mradi mfuko wake usafishwe mara kwa mara. Lakini mvuke hakiuondoi.

Mimina akriliki kidogo kidogo kwenye kibakuli chenye kifuniko, na ukifunike kila unapoweka brashi chini. Pamba na foili zilizolowa asetoni zitupwe papo hapo kwenye pipa lenye kifuniko, kwa sababu pamba moja iliyoachwa wazi kando ya kiwiko huendelea kutoa mvuke karibu kabisa na uso wako. Inua mto wa mkono wa mteja badala ya kuinamisha shingo. Vaa miwani ya kinga iliyofunika pembeni unaposaga au kukata kucha, futa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kupeperusha vumbi kwa brashi, na usivae lenzi za macho kazini. Barakoa ya kawaida haizuii mvuke, na macho hailindi kabisa.

Jihadhari pia na majimaji ya bei ya chini yasiyo na lebo, yenye harufu kali isiyo ya kawaida, yanayotoa kucha ngumu zinazokataa kulainika kwenye asetoni. Dalili hizo huashiria methili methakrilati, kemikali ambayo Marekani ilianza kuchukua hatua za kuiondoa kwenye bidhaa za kucha tangu miaka ya 1970.

Kemikali ikiruka jichoni, anza kusuuza mara moja kwa maji safi yanayotiririka, ukishikilia kope wazi na kuzungusha jicho pande zote, kwa dakika 15 hadi 20. Kama una lenzi, itoe mapema iwezekanavyo, lakini usisitishe kusuuza kwa ajili yake. Fremu nyingi hazina bomba, kwa hiyo weka chupa kadhaa za maji ya kunywa ambazo hazijafunguliwa mahali panapofikika bila kuona vizuri. Chupa moja huisha mapema sana, na mwenzako akimbilie ndoo huku wewe ukiendelea. Gundi ikibandika kope, osha kwa maji ya uvuguvugu, usizivute kwa nguvu, na usithubutu kuiyeyusha kwa asetoni, nenda hospitali. Ajali hii hutokea hasa pale chupa ya gundi inapofanana na ya dawa ya macho, kwa hiyo visikae kamwe droo moja.

Maambukizi yana hatari ya pekee kwa kazi ya kushika mikono ya watu kutwa nzima. Januari 2024, Wizara ya Afya ya Tanzania ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu uliosababishwa na virusi, mkono na taulo ndivyo vilivyokuwa njia rahisi za kuupitisha. Fundi mwenye tongotongo apumzike kazi, na mwenye saluni asimkate pesa kwa hilo. Wanaobaki wanawe kwa sabuni kabla na baada ya kila mteja, wasichangie taulo wala wanja, na wafute meza kwa dawa yenye klorini. Klorini isikutane na asetoni, kwani mchanganyiko huo hutoa mvuke wa sumu unaochoma macho vibaya zaidi.

Tafadhali usitie jichoni chai, maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani. Pia usinunue kiholela matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni: wekundu hupungua haraka, jambo linalowadanganya wengi, lakini matumizi ya muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na baadhi ya maambukizi huzidi kuchachamaa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiwa na maumivu makali, ukishindwa kutazama mwanga, ukiona ukungu, au ukiona doa jeupe kwenye konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Beba picha ya lebo za bidhaa unazotumia na umweleze daktari kazi yako hata asipouliza.

Gharama za kinga zisimwangukie fundi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nchini Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake.

Kope zikiendelea kuvimba kila unapogusa jeli hata baada ya kurekebisha hewa, omba kipimo cha mzio wa akrilati, yaani jamii ya kemikali zilizomo kwenye jeli na akriliki. Mzio huu kwa kawaida haumwachi mtu, na kemikali za jamii hiyo hutumika pia kuziba meno na kushikilia viungo bandia, hivyo ukithibitishwa kuwa nao, mwambie daktari wa meno au wa upasuaji kabla hajaanza kazi.