Jinsi ya kuomba stakabadhi kutoka Kaunti ya Jiji la Nairobi

Sheria ya Upataji Habari ya 2016 imempa kila raia wa Kenya nguvu ya kuitisha stakabadhi zilizo mikononi mwa kaunti. Huhitaji kueleza unazitakia nini, na kuwasilisha ombi ni bure.

Anza kwa kutaja stakabadhi yenyewe. Hapa ndipo maombi mengi huangukia. Ukiuliza mbona barabara yenu haijakamilika, utajibiwa kwamba kazi inaendelea, basi. Andika hivi: "Naomba nakala ya mkataba wa ukarabati wa barabara hii, makadirio ya gharama, na vyeti vyote vya malipo aliyolipwa mkandarasi kufikia leo." Ongeza jina la barabara, wadi na mwaka wa fedha. Karatasi iliyotajwa kwa jina ipo au haipo. Afisa hapati pa kukwepea.

Ielekeze barua kwa afisa wa upataji habari, kwa Kiswahili au Kiingereza, na uweke anwani na nambari ya simu. Ombi halikataliwi eti kwa sababu hukutumia fomu. Asiyeweza kuandika ataeleza kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kuliandika.

Peleka nakala mbili, na tafadhali usiondoke masjala kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa tarehe. Kuanzia siku hiyo kaunti ina siku 21 kukujibu, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Stakabadhi zikiwa nyingi mno, inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Na kama barabara yenyewe iko chini ya KURA, mamlaka ya taifa ya barabara za mijini, afisa anatakiwa kulihamishia ombi huko ndani ya siku 5, si kukurudisha nyumbani.

Ukikubaliwa utalipia gharama ya kutoa nakala. Ukiitishwa kitu kidogo, hicho hakimo katika sheria.

Ukikataliwa, lazima upewe sababu. Usalama wa taifa, faragha ya mtu na siri za kibiashara zinalindwa, lakini hata hizo zinaweza kufunguliwa pale manufaa ya umma yanapozidi madhara.

Kimya baada ya siku 21 huhesabiwa kuwa kukataliwa. Una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki katika Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman, iupitie upya uamuzi huo. Ambatisha nakala yako yenye muhuri.