Somo: Kadi yenye jina lililotobolewa, kutoka Inkscape hadi mashine ya kukata

Kadi ya salamu unayotengeneza mwenyewe ina kitu kimoja ambacho kadi ya dukani haina: jina la anayepewa. Mapambo yanaweza kubaki yaleyale kwa watu ishirini, ila jina lazima liwe lake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili nimeiweka kwenye jina, tena hapo ndipo karatasi nyingi huharibikia.

Kwa mashine ya kukata karatasi inayoongozwa na kompyuta, tutatoboa jina kwenye uso wa kadi ili rangi ya karatasi ya ndani ichungulie kupitia herufi. Natumia Inkscape kwa kuwa ni ya bure, lakini programu yoyote ya michoro ya vekta, yaani michoro ya mistari na maumbo badala ya vidoti vya picha, itakufikisha. Andaa karatasi ngumu ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, karatasi nyepesi ya rangi, gundi, na mkeka wa kunata, ule unaoishika karatasi ikiwa kwenye mashine, ambao bado unanata.

Hatua ya 1: Kiolezo

Weka ukurasa kwenye milimita, kisha chora mstatili wa 210 kwa 148. Hiyo ni A5 iliyolala. Ukiikunja katikati inakuwa A6, nayo huingia vizuri kwenye bahasha ya C6, yaani 114 kwa 162. Mkunjo unapita kwenye milimita 105. Upande wa nje ukiwa unakutazama, uso wa kadi ni nusu ya kulia. Ukiweka jina kushoto, kadi ikishakunjwa utalikuta mgongoni.

Mstari wa mkunjo usiufanye wa vidoti. Vidoti ni sura tu ya kwenye skrini. Mashine inasoma mstari mzima, na itakukatia kadi vipande viwili. Uache mstari wa kawaida, uupe rangi yake peke yake, kisha kwenye programu ya mashine uelekeze kwamba huo ni wa kukandamiza na si wa kukata. Kama mashine yako haina kifaa cha kukandamiza, ufute. Utapitisha rula na kalamu iliyokwisha wino, itatosha kabisa.

Hatua ya 2: Jina

Tuchukue jina Amina. Chagua fonti nene, iliyosimama, ambayo herufi zake hazigusani. Najua mwandiko wa kuunganisha unavutia, lakini kwa jina la kutoboa unasumbua: karatasi iliyo kati ya miguu ya "m" hubaki imeshikwa upande mmoja kama ulimi, na baada ya siku chache ndimi hizo hujikunja kwa nje. Upana wa jina uwe kama milimita 80, na kati ya herufi na herufi zibaki angalau milimita 2.

Ukishapanga, geuza maandishi yawe mchoro kwa Shift+Ctrl+C, yatenganishe kwa Shift+Ctrl+G, kisha yaunganishe yawe umbo moja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Kabla ya hapo hifadhi nakala ambayo maandishi bado ni maandishi, kwa sababu baada ya hapo huwezi tena kusahihisha tahajia.

Sasa tazama "A" ya mwanzo. Ndani yake kuna pembetatu ndogo. Mashine ikikata mzunguko wa herufi, pembetatu ile haina kinachoishika, nayo itadondoka. "a" ya mwisho ina tumbo lake, nalo litadondoka vilevile. Hivi mimi naviita visiwa, na kila kisiwa kinahitaji daraja. Chora kistatili chembamba cha milimita 2 kinachotoka nje ya herufi hadi kuingia kwenye kisiwa. Kwenye "A" nakipitisha wima kutoka kileleni, kwenye "a" nakiweka chini ya tumbo, mahali ambapo jicho halisimami. Kisiwa kikubwa kipe madaraja mawili yanayotazamana, kisicheze. Ukimaliza, unganisha vistatili vyote viwe kimoja, vikae juu ya jina, chagua vyote viwili, kisha Ctrl na alama ya kutoa. Nukta ya "i" haina shida, ni tundu dogo linalojitegemea.

Jaza umbo rangi nyeusi ulitazame. Cheupe chochote kilichozungukwa na nyeusi pande zote ni kisiwa ulichosahau.

Hatua ya 3: Faili

Hifadhi kama SVG ya kawaida (SVG ni aina ya faili ya michoro ya vekta), si ile ya Inkscape. Baadhi ya programu za mashine, katika toleo lake la bure, hazifungui SVG. Kwa hizo toa DXF, aina nyingine ya faili ya michoro.

Hatua ya 4: Kukata

Anza na jaribio kwenye kona ya karatasi ileile: mraba wa sentimita moja wenye pembetatu ndani. Ukitoka safi na mkeka ukabaki na alama hafifu tu, kina cha kisu kiko sawa. Mkeka ukichanika, punguza.

Kata jina kwanza, ukingo wa kadi mwisho, la sivyo kadi itasogea ikiwa imeshaachia. Kisha usibandue kadi kutoka kwenye mkeka. Geuza mkeka kifudifudi mezani na ukunje mkeka wenyewe kuelekea nyuma, taratibu, huku kiganja kikiilaza kadi. Ukivuta kadi itajikunja, na madaraja ya milimita 2 ndiyo ya kwanza kukatika.

Mwisho, paka gundi kidogo pembeni mwa karatasi ya rangi ya milimita 100 kwa 143 na uibandike nyuma ya uso. Gundi isikaribie herufi.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mwalimu. Mchoro wangu ukifika kwenye programu ya mashine unapungua kidogo. Nakosea wapi?*

Hujakosea. SVG inaweza kusomwa kwa pikseli 96 kwa inchi au kwa kipimo kingine. Inkscape za kabla ya toleo la 0.92 zilitumia 90. Chora mraba wa milimita 100, uufungue kwenye programu ya mashine. Ukisoma 93.75 au 106.7, mgongano ni huo wa 90 na 96. Ukisoma 75 au 133.3, upande mmoja unatumia 72. Andika vipimo sahihi kwa mkono na ufunge uwiano.

*Naomba kuuliza, herufi zangu zimekatwa hata pale zinapopandana. Kwa nini?*

Uligeuza maandishi kuwa mchoro lakini hukuyaunganisha. Kwa mashine kila herufi bado ni umbo lake. Rudi kwenye Ctrl na kujumlisha.

*Mkunjo wangu unapasuka na kuonyesha weupe wa ndani.*

Umekunja kukatisha nyuzi za karatasi. Pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo uelekee huko.

*Kingo zinatoka na manyoya ingawa kisu ni kipya.*

Tazama karatasi kwanza. Ile yenye nyuzi ndefu au kiini laini hutoa manyoya hata kwa kisu kikali. Punguza kasi, kata mara mbili kwa shinikizo dogo. Kama karatasi nyingine inatoka safi kwa kisu hichohicho, badilisha karatasi.

*Sina mashine, dada. Nifanyeje?*

Geuza mchoro kama kwenye kioo, uchapishe nyuma ya karatasi, ukate kwa kisu chembamba chenye ncha. Anza na matundu madogo. Madaraja yaongeze yafike milimita 3, maana mkono hutetemeka.