Jinsi ya Kuchagua Tairi za Lori Zisizo na Kelele kwa Safari za Lami

Dereva anayetoka bandarini Kurasini na konteina kwenda Tunduma anasikiliza ngurumo ya tairi kutwa nzima, na kesho yake tena. Ngurumo hiyo inachosha mwili na inaumiza masikio. Kikomo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Mimi kazi yangu ni tairi za malori hapa Dar es Salaam. Wenye magari wengi huniuliza bei na uimara, lakini hawaulizi sauti. Ningependa waulize, kwa sababu sehemu kubwa ya kelele inaonekana kwa macho tairi ikiwa bado dukani.

Hatua ya 1: Hakikisha kelele ni ya tairi

Gari likiwa kwenye lami iliyonyooka, shika mwendo mmoja kisha badilisha gia. Mlio ukibaki vilevile wakati injini imebadilisha sauti, chanzo kiko magurudumu. Halafu sikiliza lami inapobadilika kutoka laini kwenda ya kokoto zilizochomoza. Sauti ya tairi hubadilika papo hapo. Beringi mbovu huendelea na mlio wake uleule, na hiyo ipeleke kwa fundi leo, usisubiri tairi mpya.

Hatua ya 2: Uzito kwanza

Soma ubavuni. Tuchukue 315/80R22.5 156/150L, saizi iliyozoeleka kwenye vichwa vya semi. Namba 156 ina maana tairi ikifungwa peke yake inabeba kilo 4,000. 150 ni kilo 3,350 kwa kila tairi zikifungwa mbilimbili. Herufi L ni mwendo wa hadi kilomita 120 kwa saa, na lori letu kisheria halizidi 80.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani. Tairi mbili za 156 zinabeba tani 8 kamili. Ukivutiwa na 295/80R22.5 yenye 152 kwa sababu ni tulivu, kila moja inabeba kilo 3,550, yaani tani 7.1 kwa jozi. Ukipakia mpaka tani 8, mizani ya Vigwaza itakupitisha, ila tairi zenyewe zimezidiwa. Tairi ya namna hiyo irudishe rafuni hata kama ni kimya namna gani.

Hatua ya 3: Soma uso wa tairi

Hapa chukua muda wako. Tairi ikizunguka, hewa hunaswa kwenye mifereji, inabanwa dhidi ya lami, kisha inachomoka kwa nguvu. Kila jino, yaani kipande cha mpira kati ya mifereji, nalo linapiga lami linapotua. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya mlio unaousikia, kwa hiyo angalia haya:

Mistari iliyonyooka kuzunguka tairi nzima hutoa hewa mbele na nyuma bila kuibana. Ndiyo tulivu kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza mbele na kwenye tela bila kusita.

Bega la tairi liwe limefungwa, yaani pembeni pawe na ukanda wa mpira usiokatika. Bega lenye meno makubwa yaliyo wazi linanguruma.

Mifereji inayokatiza isiwe na vishimo visivyo na njia ya kutokea. Kidole chako kikiingia kikakwama pande zote, hewa nayo itakwama.

Kama kuna meno, linganisha urefu wa jino na jirani zake ukizunguka tairi. Kiwanda makini hupishanisha urefu ili milio isirundikane kwenye sauti moja. Meno yote yakilingana, utasikia mlio mmoja mkali unaopanda na mwendo.

Kwenye ekseli za difu, zile zinazosukuma gari, ndipo mabishano huanza. Muuzaji atakwambia, "Bosi, chukua hizi za meno, zinavuta na zinadumu." Muulize: "Kaka, zinavuta wapi?" Kutoka Dar hadi Tunduma ni lami. Tairi ya meno marefu, yenye kina cha milimita 20 na zaidi, inakupa kelele na kula mafuta mengi kwa mvuto ambao barabara hiyo haiuhitaji mara nyingi. Chukua tairi ya difu iliyotengenezwa kwa lami, yenye meno yaliyokaribiana na mabega yaliyofungwa. Anayeingia msituni Sao Hill kubeba magogo, huyo anahitaji meno, na kelele ataivumilia.

Hatua ya 4: Tafuta alama za sauti

Karibu na herufi E iliyozungushiwa duara ubavuni kuna namba ya kibali. Ikiishia na S2WR2, S2 inaonyesha tairi imefaulu daraja la pili la kipimo cha kelele cha Umoja wa Mataifa: desibeli 73 kwa tairi za kawaida za lori, 75 kwa zile za mvuto. Chapa zinazouzwa Ulaya unaweza kuzitafuta kwa simu kwenye EPREL, kanzidata ya Umoja wa Ulaya ya lebo za bidhaa. Kwenye alama ya sauti ya lebo hiyo, herufi A ni angalau desibeli 3 chini ya kikomo, B iko ndani ya kikomo, C imezidi. Kumbuka kipimo hicho huchukuliwa nje, kando ya barabara, injini ikiwa imezimwa. Kinafaa kulinganisha tairi na tairi. Hakikwambii utasikia nini ndani ya kabati.

Hatua ya 5: Tarehe

Tazama tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2325 ni wiki ya 23 ya mwaka 2025. Mpira mkongwe hukakamaa na kulia zaidi, hasa uliokaa juani nje ya duka.

Hatua ya 6: Fungisha vizuri, kisha linda utulivu

Tairi nyingi huanza kimya na kuharibikia kwako. Kwa 315/80R22.5 yenye 156, ekseli ya usukani ikibeba tani 8, upepo ni baa 8.5, karibu psi 123, ukipimwa asubuhi kabla ya safari. Upepo ukipungua, mabega yanalala kwenye lami, joto na kelele vinapanda. Usiupunguze tairi ikiwa ya moto njiani.

Tairi mbili zinazofungwa pamoja upande mmoja zilingane kimo na upepo. Mimi sifungi jozi iliyopishana zaidi ya milimita 6 za kipenyo, maana fupi itaburuzwa na kulika vibaya.

Kila huduma, pitisha kiganja juu ya meno, kwenda na kurudi. Ukihisi ncha kali upande mmoja kama msumeno, meno yanalika upande, na ngurumo iko njiani. Kama tairi haina mshale wa mwelekeo, ihamishie upande wa pili wa gari izunguke kinyume. Bega moja likiisha mbele, pima alaimenti na kagua bushi na shokapu kabla ya kununua nyingine.

Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa anayetoka Dar, Mlandizi panafaa.