Hilux inazimika njiani? Usinunue pampu kabla ya kupima umeme

Mzee mmoja mkulima wa mpunga aliniletea Hilux yake ya injini ya petroli ya 22R-E ikiwa inavutwa kwa kamba. Ndani ya mwaka mmoja alishanunua pampu mbili za mafuta, na gari bado linazimika. Nikamwambia, "Mzee wangu, ya tatu tusubiri kwanza mita iseme." Nilivyoenda na gari lile ndivyo nawe uende na lako.

Andaa mita ya umeme, kipande kifupi cha waya, waya mwingine mrefu wa kufika toka betri hadi tenki, na msasa. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Mvuta sigara akavutie huko mbali.

1. Betri na cheche. Gari likilala usiku kucha, betri nzima husoma kama volti 12.6. Mwenzio apige stata huku unatazama mita: ikishuka chini ya 9.6, safisha vichwa vya betri au ichajishe kwanza. Hakikisha pia plagi zinatoa cheche. Kama hazitoi, kesi ya pampu iache.

2. Fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme. Usiiangalie kwa macho tu, ipime pande zote mbili. Nimewahi kukuta imeviringishiwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Ukikuta mambo hayo, kuna waya mahali unagusa bodi, na itabidi uutafute.

3. Isikilize pampu. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwenye 22R-E, ukizungusha ufunguo taa za dashibodi zikawaka bila kupiga stata, pampu hailii. Imetengenezwa hivyo. Rilei ya pampu, yaani swichi inayoipelekea umeme, inashikwa kwa njia mbili. Unapopiga stata, umeme wa stata ndio unaoishika. Injini ikishawaka, hewa inayovutwa inasukuma kibao kilicho ndani ya kipima hewa, na kibao kikisogea kinafunga swichi ndogo inayoendelea kuishika rilei.

Kwa hiyo gari linalowaka ukipiga stata, halafu likafa pale pale unapoachia ufunguo, limeshajitaja ugonjwa: pampu inafanya kazi, njia ya pili ndiyo imekatika.

Toa filta ya hewa. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini, ingiza kidole kwenye kipima hewa, usukume kile kibao taratibu. Usikie mlio mwembamba kutoka kwenye tenki. Ukiusikia na gari bado linakufa, kagua mpira mkubwa unaotoka kwenye kipima hewa kwenda kwenye injini, hasa kwenye mikunjo yake, ukiukunja kwa mkono. Ukiwa na ufa, hewa inapita humo na kibao hakisogei inavyotakiwa. Usipousikia, endelea.

4. Iruke rilei. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha kupimia chenye kifuniko. Tafuta matundu yaliyoandikwa Fp na +B, uyaunganishe kwa kile kipande cha waya (ndicho kiunganishi chetu), ufunguo ukiwa umezungushwa. Pampu ikilia sasa, ubovu uko kwenye rilei au swichi ya kibao. Ikinyamaza, au ikilia kwa kukoroma, ingia chini ya gari.

5. Pima kwenye tenki, soketi ikiwa imechomekwa. Usiichomoe! Waya uliobakiwa na uzi mmoja husoma volti 12 vizuri kabisa kama hauna mzigo. Pampu ikianza kuzunguka ndipo unapoishiwa nguvu. Acha kiunganishi cha hatua ya 4 mahali pake, ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya soketi, na ncha nyeusi iunge kwenye hasi ya betri kwa ule waya mrefu. Pima waya unaoleta umeme, kisha waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Wa athi usizidi nusu volti.

Kwa mzee, umeme ulikuwa unafika 12.1. Athi ikasoma 3.4! Maana yake pampu ilikuwa inafanya kazi kwa volti 8.7. Nikaufuata waya ule hadi kwenye skrubu moja chini ya bodi la mizigo, imevimba kutu na tope la mashambani. Barabara ikitikisa, inaachia. Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, nikaweka skrubu mpya, nikapaka grisi juu. Athi ikashuka hadi 0.1.

6. Umeme ukiwa safi na gari bado halina nguvu, badilisha filta ya mafuta, kisha pima presha. Ukichomoa mpira mwembamba wa regyuleta, kidhibiti cha presha ya mafuta, huku pampu ikiunguruma kwa kiunganishi, 22R-E inatakiwa kusoma psi 38 hadi 44. Ikishindwa hapo, sasa ndiyo unaweza kuilaumu pampu. Na usizoee kutembea na mafuta kidogo ya kubembeleza: pampu ya ndani ya tenki inapozwa na petroli hiyo hiyo.

Zile pampu mbili mzee alikuwa nazo nyuma ya kiti, zimefungwa kwenye gazeti. Nilizikausha, nikazipeleka mbali na gari, nikazigusisha kwenye betri sekunde moja moja. Zote zilizunguka.