Kabla hujanunua vidonge vya Garcinia

Dukani kwangu hapa Lindi, karibu kila mdada anayetaka kupungua hunionyesha picha ya kopo la vidonge hivyo kwenye simu: "Kaka, hii si imethibitishwa maabara?" Uliza kwanza: imethibitishwa kwa nani?

Garcinia ni tunda, na ganda lake lina asidi ya haidroksisitriki. Asidi hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja sitreti (kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula) kwenye seli za ini, na bila hicho ini hukosa malighafi ya kugeuza wanga kuwa mafuta. Kwa panya wa maabara utengenezaji wa mafuta ulipungua kweli.

Sasa angalia chakula chao. Katika majaribio hayo panya walilishwa wanga mwingi. Wewe ukila wali wa nazi na samaki wa kukaanga, mafuta ya nazi na ya kukaangia yameingia yakiwa tayari; hayo asidi hiyo haiyazuii.

Halafu tafuta jaribio la watu. Lililochapishwa Marekani mwaka 1998 lilihusisha watu 135 kwa wiki 12: waliomeza Garcinia hawakupungua zaidi ya waliomeza vidonge vitupu visivyo na dawa.

Kama umeshaanza, dada yangu, na macho yakawa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha leo hii uende hospitali. Ini limewahi kuumia kwa vidonge hivi.