Kulaza diski za seva ya bakapu, na zilale kweli

Wiki jana nilikuwa Ntinda, Kampala, kwa jamaa yangu anayepiga video za kwanjula (sherehe za utambulisho) na harusi. Ana seva ya bakapu ya Debian, SSD moja ya mfumo na diski 4 za inchi 3.5, bakapu inaingia mara moja tu saa nane usiku lakini diski zinazunguka mchana kutwa, anapiga kelele kila siku Yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha na umeme ukikatika betri ya inverta haifiki mbali. Diski moja ikizunguka bila kazi inakula kama wati 4 au 5 hivi, ikilala kwa kawaida hata wati 1 haifiki.

Hatua ya 1: weka hdparm, programu ya kuamuru diski, kwa apt.

Hatua ya 2: chukua majina ya diski kwenye /dev/disk/by-id. Achana na majina mafupi kama sdb na sdc, ukiwasha upya herufi zinaweza kubadilishana ukalaza diski ya mwenzake.

Hatua ya 3: fungua /etc/hdparm.conf, andika hivi kwa kila diski halafu washa seva upya:

/dev/disk/by-id/ata-JINA {
spindown_time = 240
}

Hiyo 240 siyo dakika! 1 mpaka 240 unazidisha kwa sekunde 5, yani 240 ni dakika 20, alafu 241 inaruka mpaka nusu saa na 242 ni saa nzima, aliyepanga hivi Mungu anamwona. Usiweke dakika 5, kuwaka na kuzima ovyo kunachosha mota.

Hatua ya 4: jaribu hdparm -y, inalala hapo hapo. hdparm -C ikisema standby, imelala, na kuuliza hivyo hakuiamshi.

Hatua ya 5: tafuta anayeziamsha. Hapa ndo nilikesha siku mbili. Diski zinalala vizuri, baada ya dakika kumi unazisikia tena vuuu, nikalaumu Samba (ya kushiriki mafaili kwenye mtandao), nikazima updatedb (inayoorodhesha mafaili), nikaweka noatime (faili likisomwa muda usiandikwe), wapi! Kumbe ni smartd, ile ya kupima afya ya diski, inapita kila dakika 30, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefuta mstari wa Debian kwenye /etc/smartd.conf nikaandika wangu bila -n standby, ile ya kuiambia iruke diski iliyolala. Sasa piga hesabu, diski inalala dakika ya 20 inaamshwa ya 30, ni kama mara 48 kwa siku, heri ningeiacha izunguke tu. Ongeza -n standby,q kwenye kila mstari, hiyo q inazuia smartd kuandika kwenye logi kila ikiruka diski iliyolala, maana logi ikiwa kwenye diski hiyo hiyo itaiamsha tena. Hata wewe ukichungulia kwa mkono tumia smartctl -n standby -A. Kama bado zinaamka endesha fatrace, itakutajia programu na faili.

Diski za USB nyingi hazisikii hdparm, tumia hd-idle, programu nyingine ya kulaza diski, ila mimi bakapu ya maana siweki USB.

Kwa jamaa Start_Stop_Count (hesabu ya mara diski ilizoanza kuzunguka, iko kwenye majibu ya smartctl) sasa inapanda 1 kwa siku, isipokuwa juzi ilipanda 2, bibi harusi mmoja alitaka video yake tena.