Sayansi kwa sikio: kuandaa mhadhara na podikasti vinavyofuatika

Msomaji akipotea hurudi juu aya mbili, akasoma tena. Msikilizaji hana nafasi hiyo. Aliyekaa ukumbini hawezi kukusimamisha, na anayesikiliza podikasti huku akiosha vyombo hatakausha mikono ili arudi nyuma sekunde 30, ataacha tu. Mihadhara na vipindi vingi vya sayansi huharibikia hapo: mtaalamu amesoma makala yake kwa sauti akadhani amezungumza.

Kabla ya kugusa slaidi au maikrofoni, andika sentensi moja isiyozidi maneno 15, ile unayotaka mtu amwambie mwenzake akitoka. "Usugu wa dawa" si sentensi, ni mada. "Bakteria ndio wanaokuwa sugu kwa dawa, si mwili wako" ni sentensi, tena inagusa palepale watu wanapokosea. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 katika nchi 12 ulikuta asilimia 76 ya walioulizwa wakiamini kwamba mwili ndio unaokuwa sugu. Mwenye imani hiyo huona kwamba asiyemeza antibiotiki mara kwa mara hana la kuogopa, kumbe bakteria sugu humfikia wakitoka kwa mtu mwingine.

Ili ujue kosa liko wapi, waulize watu watano wasio wa fani yako: "Unadhani jambo hili hutokeaje?" Usiulize "Unalifahamu?", maana wengi watasema ndiyo kwa adabu. Yaandike maneno yao kama yalivyotoka, ndiyo utakayoanzia. Kisha chagua hoja tatu, zisizidi, zinazoibeba ile sentensi. Kisichoibeba kitoe, hata kama kilikugharimu mwaka mzima maabara.

Sasa namba. Hizi hupoteza watu kuliko hata istilahi, kwa sababu istilahi unaweza kuifafanua papo hapo kwa maneno saba, lakini namba isiyo na msingi wa kulinganishia hukaa kichwani vibaya na haitoki. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka nyama iliyosindikwa katika kundi la 1, ambamo tumbaku imo pia, likaeleza kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Ni rahisi sana kusikia hapo mambo mawili ambayo si kweli: kwamba soseji ina hatari sawa na sigara, na kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Makundi yale hupima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Nazo asilimia 18 ni nyongeza juu ya hatari iliyokuwapo tangu mwanzo. Ukiwa mbele ya watu, sema hivi: "Chukua watu 100. Tuseme watano kati yao wangeugua hata bila nyama hiyo. Wote wakila kiasi hicho kila siku, wagonjwa watakuwa sita hivi."

Msingi ukishauchagua, usiubadilishe: ukianza na "kati ya watu 100" usirukie "kati ya 1,000" dakika mbili baadaye. Kadiria pia, 5.9 iseme "karibu sita". Na mashaka yaweke kwenye dai linalostahili, mara moja, ukieleza ni ushahidi gani ungeyaondoa. Kunyunyiza "huenda" na "yawezekana" kila sentensi hakumfanyi mtu aone wewe ni mwangalifu, kunamfanya aone hakuna unachokijua.

Ukipewa dakika 20 ukumbini, andaa za 16. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti kamili, saa ikitembea. Kusoma kimya hukudanganya muda. Amua mapema ni slaidi ipi utairuka muda ukibana, la sivyo utakimbiza hitimisho, ambalo ndilo watu walilolijia. Maandishi ya slaidi yasiwe chini ya pointi 28. Grafu ina utaratibu wake: taja kwanza mstari wa chini unapima nini, kisha wa wima, nyamaza sekunde tatu, ndipo useme cha kutazama. Ukianza na matokeo, macho bado yanatafuta vipimo na masikio hayasikii kitu. Usitenganishe mistari kwa nyekundu na kijani pekee, kwani wapo wasiozitofautisha. Andika jina juu ya mstari wenyewe.

Kitu halisi mkononi hushinda slaidi kumi. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliendesha mihadhara mizima kwa vijana pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwaka 1848 akianzia kwenye mshumaa. Jaribio lako lionekane kutoka safu ya mwisho, na ulijaribu katika ukumbi uleule, taa zikiwa vile zitakavyokuwa.

Wakati wa maswali, rudia kila swali kwenye maikrofoni kabla ya kujibu, maana walio nyuma hawakulisikia na rekodi haikulinasa. Mtu akileta dai la uongo, anza na ukweli, taja kosa mara moja na chanzo chake, kisha urudi kwenye ukweli. Ukilirudia dai lenyewe mara nne, ndilo watakaloondoka nalo.

Podikasti ina adui mmoja mkubwa, nao ni chumba. Piga kofi moja: ukisikia mlio ukibaki hewani, hamia penye mapazia, godoro au kabati la nguo. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu mno kuutoa, wakati mvumo mdogo wa feni hupunguzika. Zima feni na jokofu hata hivyo. Maikrofoni iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya pua, ili pumzi ya "p" na "b" ipite kando isiigonge. Kadiri unavyosogea mbali, ndivyo chumba kinavyosikika kuliko wewe. Rekodi katika WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli -12 na -6. Vilele vikigonga sifuri sauti hupasuka, na hakuna programu itakayoirudisha vizuri. Mwisho, rekodi sekunde 30 za kimya cha chumba. Utazihitaji kuziba mapengo ya uhariri.

Mhojiwa akiwa mbali, kila mmoja ajirekodi upande wake huku akivaa hedifoni, na mpige kofi pamoja mwanzoni ili mafaili yapangike. Hedifoni za bluetooth ni sawa kwa kusikiliza, ila maikrofoni yake mara nyingi hutoa sauti ya simu mbovu.

Usimpe mhojiwa maswali yote mapema, ataandika majibu ayasome. Mpe mada na mzungumze dakika 15 siku moja kabla. Watafiti wengi huanza na historia ya fani yao, hapo kata. Maswali yanayozaa ni kama "Siku hiyo uliona nini, hatua kwa hatua?" na "Kitu gani kingekufanya ubadili msimamo?" Akitumia neno gumu, msimamishe palepale, umwombe alieleze kama anavyomweleza mwanafunzi wa sekondari. Ubaki na maelezo yake. Yako ya baadaye yatasikika kama kiraka.

Katika kuhariri, kila dakika tano au sita wakumbushe watu mlipofika na anayesema ni nani. Kabla ya kutoa, mtumie mhojiwa orodha ya madai na namba azithibitishe, si kipindi kizima, la sivyo atataka kila sentensi iwe na tahadhari. Sawazisha sauti kufikia LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) -16 kwa stirio au -19 kwa mono, yaani sauti ya njia moja, kisha toa MP3 ya mono ya kilobiti 96 kwa sekunde, inayotosha kwa maongezi.

Kosa likigundulika baada ya kutoka, usilifute kimyakimya. Rekodi sahihisho, uliweke mwanzoni mwa faili lilelile, na uandike kwenye maelezo ya kipindi ni nini kimebadilika, pamoja na tarehe. Waliokwisha kupakua faili la zamani hawatalisikia, kwa hiyo lisome tena mwanzoni mwa kipindi kinachofuata.